Somo: Kuingiza mwanga wa mchana ndani ya jengo bila kuingiza joto

Nilifanya kazi miaka miwili kwenye ofisi yenye kioo kuanzia sakafuni hadi darini, upande wa magharibi. Kila ikifika saa nane mchana tulishusha mapazia, tukawasha taa, na kiyoyozi kikaunguruma hadi jioni. Mwanga ulikuwa tele nje ya pazia na hakuna aliyeufaidi. Tangu hapo kila anayejenga namwambia: unachotafuta ni mwanga wa anga, si jua lenyewe. Jua likipiga mezani moja kwa moja huumiza macho na kupasha chumba moto. Anga peke yake inatosha: hata siku ya mawingu, nje huwa na luksi (kipimo cha mwanga) 10,000 hivi, na meza ya kazi inahitaji kama 500.

Hatua ya 1: Lijue jua la kiwanja chako. Asubuhi na jioni jua huwa chini, hupenya chini ya upenu wowote. Kwa hiyo madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Stoo, bafu na ngazi vipeleke magharibi. Karibu na ikweta, upenu wa kawaida hukinga pande hizo mbili vizuri kwa sababu jua la adhuhuri huwa juu sana. Ukiwa mbali na ikweta, upande unaoielekea ndio unaohitaji kinga zaidi.

Hatua ya 2: Pandisha dirisha juu. Hapa naomba mtulie, maana ndipo wengi wanapokosea. Watu hupanua dirisha, wakati kinachopeleka mwanga ndani ni kimo chake. Kanuni ya kukadiria ni hii: mwanga wa kufanyia kazi hufika umbali wa mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha, ukipima kutoka sakafuni. Ukingo ukiwa mita 2.1, mwanga unafika kama mita 4 hadi 5. Upandishe hadi mita 2.7, unapata mita 5.4 hadi karibu 6.7, kwa ukuta uleule. Kioo kilicho chini ya usawa wa meza hakisaidii sana kuangaza meza. Hiyo ni gharama na joto tu, isipokuwa unataka kutazama bustani.

Ukitaka kuhakiki kwenye jengo lililosimama, keti pale meza itakapokaa uangalie dirishani. Ukiona kipande cha anga, pana matumaini. Ukiona ukuta wa jirani peke yake, hapo patakuwa na giza hata dirisha liwe zuri namna gani.

Hatua ya 3: Tengeneza boksi. Chumba cha mita 5 kwa 4 kifanye boksi la sentimita 25 kwa 20, kimo nacho kwa kipimo hichohicho. Kata madirisha, paka ndani rangi utakayotumia, toboa tundu la kuchungulia, kisha litoe nje. Mwanga hauna udogo: unavyotawanyika ndani ya boksi ndivyo utakavyotawanyika chumbani. Ligeuzegeuze boksi uone kila upande unavyoleta mwanga. Kosa utakaloliona hapo, utalirekebisha kwa kisu tu.

Hatua ya 4: Rangi. Dari jeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaolifikia. Mbao nyeusi hazifikishi hata 20. Anza na dari, kisha ukuta unaotazamana na dirisha.

Hatua ya 5: Swichi. Taa za karibu na dirisha zipangwe kwa safu sambamba nalo, na safu hiyo iwe na swichi yake. Bila hivyo zitawaka zote mchana kutwa kwa ajili ya kona moja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyumba yangu imeshakamilika na korido ya katikati ina giza totoro. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, azima mwanga wa vyumba vya pembeni: weka kidirisha cha kioo juu ya kila mlango wa korido. Isipotosha, fungua paa. Tundu la paani huona anga nzima, kwa hiyo dogo tu linatosha. Likiwa kubwa utapikika. Chini yake weka kioo cha ukungu usawa wa dari ili mwanga usambae. Kwa paa la bati lisilo na dari, kuna njia ya fundi Alfredo Moser wa Brazili aliyoibuni mwaka 2002: chupa ya plastiki iliyojaa maji na dawa kidogo ya kung'arishia nguo, imepenyezwa kwenye bati na kuzibwa vizuri isivuje.

*Vioo vya giza si vitapunguza joto?*

Vitapunguza kiasi, lakini vinakula na mwanga, na vyenyewe hupata moto na kuupeleka ndani. Mtaishia kuwasha taa mchana. Kinga jua nje ya kioo, kwa upenu au mbao za wima. Pazia hulizuia jua likiwa tayari limeshaingia.

*Darasa letu lina upana wa mita 8. Dirisha moja refu litatosha?*

Halitatosha, dada. Wekeni madirisha pande zote mbili, ubao ukae kwenye ukuta usio na dirisha. Kisha nendeni viti vya pembeni, mmoja baada ya mwingine, muone kama maandishi yanasomeka bila mng'ao.