Jinsi ya kusoma mapigano ya karne ya 19 bila kukimbilia kusema majenerali walikua wajinga

Ukisoma pambano lolote la kuanzia miaka ya 1850 hivi utakuta picha ni ileile, watu wamepangwa bega kwa bega wanatembea uwanja mweupe kuzifuata bunduki, na unajiuliza hivi hawa jamaa walikua na akili timamu kweli? Subiri kwanza. Tafuta vitu viwili, adui alikua na bunduki gani na uwanja ulikua na mita ngapi, alafu piga hesabu mwenyewe.

Anza na gobore la enzi za Napoleon, lile la mtutu laini. Ukizidi mita 100 kumpata uliyemlenga ni bahati tu, na askari mzuri anapiga kama risasi 3 kwa dakika. Anayetembea haraka anamaliza mita 100 kwa dakika moja na ushee, yaani anayelinda anapata risasi tatu nne tu ndo singe (visu vya mbele ya bunduki) zimfikie. Hapo kujipanga bega kwa bega ni akili kabisa, moto unakua mzito na kamanda anawaongoza kwa sauti na ngoma, maana redio hamna na moshi wa baruti umefunika kila kitu.

Sasa badilisha bunduki tu. 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié akaleta risasi ambayo kitako chake kinatanuka ikipigwa, inashika mifereji ya ndani ya mtutu inatoka inazunguka, so inalenga mbali zaidi, na bado unaishindilia haraka kama zamani. Weka mita 300 kwenye hesabu yako: dakika 3 na zaidi, risasi 9 au 10 kwa kila bunduki. Ndo Fredericksburg hiyo, vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Desemba 1862, askari wa Kaskazini wanakuja wimbi kwa wimbi wanaishia mbele ya ukuta wa mawe. Ila usiitupie bunduki kila kitu, mizinga nayo ilikua kazini, na mara nyingi kwenye vita ile ya Marekani watu walipigana karibu karibu tu, msituni, askari hajafundishwa kukadiria umbali, na risasi ya Minié inapaa kwa upinde so ukikosea kidogo inampita mtu juu ya kichwa.

Kitu ambacho wengi wanakiruka (na kwangu ndo kitamu kuliko vyote) ni kuuliza jeshi lilijifunza nini vita iliyopita. Austria 1859 walipigwa na Wafaransa waliokua wanawakimbilia na singe, wakaona dawa ndo hiyo, wakaiga. 1866 wakaenda nayo Königgrätz mbele ya Waprusia (Wajerumani wa kaskazini) wenye Dreyse, wakapigwa tena, maana Dreyse ni bunduki inayojazwa kwa nyuma, unapiga risasi 5 au zaidi kwa dakika tena umelala chini, na kinachouma ni kwamba bunduki ya Austria ilikua inafika mbali kuliko Dreyse! Miaka 4 mbele zamu ikawa ya Waprusia, 18 Agosti 1870 pale Saint-Privat, Gadi yao (kikosi teule cha mfalme) ikapanda mteremko wazi mbele ya Chassepot, bunduki ya Wafaransa inayofika mita 1,200 wakati Dreyse inaishia kama 600. Hesabu hizo mita 600 za kupigwa bila kujibu, watu kama 8,000 wakauawa au kujeruhiwa. Na Wafaransa usiwasifu haraka, walikua na mitrailleuse, silaha ya kumimina risasi yenye mitutu 25, wakaipanga nyuma kama mzinga, mizinga ya Krupp ya Waprusia ikaimaliza.

Kuanzia 1886, bunduki ya Kifaransa ya Lebel ilipoingia na baruti isiyo na moshi, ongeza swali la tatu: anayepiga anaonekana? Magersfontein, Afrika Kusini, Desemba 1899, Waingereza walikishindilia kilima mabomu siku moja kabla, alafu wakaja usiku wamebanana, kumbe Makaburu wamechimba mahandaki chini, mbele ya kilima, wanapiga bila kuonekana.