Dripu, sindano na namba ya mchezaji: kuweka mpaka wa dawa kwenye timu

Orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu, ya dawa zilizokatazwa michezoni huanza upya kila tarehe 1 Januari, na Kombe la Mapinduzi la Zanzibar huchezwa Januari hiyo hiyo. Kazi ya kukagua dawa za timu basi ifanyike Disemba, kabla ya kambi.

Kila mchezaji alete anachotumia: vidonge, sindano, unga wa kujaza misuli, hata dawa ya mafua. Usisome jina la biashara. Soma jina la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo, kisha ulitafute kwenye orodha. Unga usioeleza kilichomo uachwe, kwani kinachokutwa kwenye mkojo humhesabikia mchezaji hata kama hakujua.

Dripu ndiyo inayochukuliwa wepesi. Zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa kwa matibabu ya hospitali, na chupa ya kawaida ni mililita 500. Haijalishi kama ndani ya chupa mna vitamini tu: maji mengi huzimua damu na mkojo, yakaficha dawa nyingine. Aliyekaukiwa na maji baada ya mazoezi anywe ORS au madafu.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, imekatazwa tangu 2024 kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi, na aliyeimeza jana bado anaweza kukutwa nayo. Mwenye pumu ana ruhusa ya salbutamoli ya kuvuta: mikrogramu 600 kwa saa 8, yaani mipulizo 6 ya mikrogramu 100, na 1,600 kwa saa 24. Akihitaji zaidi, apelekwe hospitali, mechi ingoje. Kahawa chungu haina neno; kafeini iliondolewa kwenye orodha mwaka 2004.

Lipo swali ambalo orodha hailimalizi: dawa hii inamrudisha mtu kwenye afya yake, au inamsukuma kupita mwili wake? Ikiwa ni tiba lakini imekatazwa, omba kibali siku 30 kabla ya mashindano. Testosteroni, homoni ya kiume, kwa kijana mzima si tiba. Ubongo ukiona homoni imejaa huacha kuziamuru korodani. Husinyaa, mbegu hupungua hata kwisha, na kurudi huchukua miezi. Kwa anayekua bado, mifupa hufunga mapema akabaki mfupi.

Wala msiridhike na "kakubali mwenyewe". Kijana ambaye namba yake, yaani nafasi yake kikosini, iko mkononi mwa kocha hana uhuru wa kuikataa sindano ya kocha. Kwa hiyo kocha na mfadhili wasitoe dawa wala kuipendekeza. Atoe daktari tu, aandike daftarini dawa, kipimo, saa na sababu, mchezaji atie saini. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi awepo mwenyewe, simu haitoshi. Sheria ya timu iseme wazi kwamba anayekataa dawa hapotezi namba, na isomwe mbele ya wote.

Timu ikivuka kwenda uwanja wa Gombani, Pemba, daftari na dawa visafiri na daktari, visitiwe kwenye begi la kocha.