SOMO: Matandazo ya kuzuia magugu kwenye bustani ya mboga

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimetandaza nyasi, mbona magugu yamezidi?" Naandika mara moja, mwenye kuuliza nitamrudisha hapa.

1. Palilia kwanza.

2. Mwagilia mpaka udongo uloe.

3. Kagua nyasi zako. Hapa ndipo nilipoumia. Nilifyeka nyasi za kando ya barabara, zimeshakauka vizuri, nikafunika matuta yote ya nyanya. Mvua ilipokolea, matuta yakawa kijani kitupu. Nilikuwa nimesia magugu kwa mkono wangu, na niliyang'oa msimu mzima. Siku hizi nafikicha suke la nyasi kiganjani, napuliza. Makapi yakiruka zikabaki chembe ngumu, hizo ni mbegu: nyasi hiyo haikanyagi bustanini kwangu, inakwenda katikati ya lundo la mboji kwenye joto. Fyeka kabla nyasi haijachanua, au tumia majani makavu ya migomba.

4. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10. Pembamba zaidi ya hapo mwanga unapenya, magugu yanaota. Acha vidole vinne kuzunguka shina, lisije likaoza.

5. Matandazo yakipungua, ongeza.

MASWALI

— Mkuu, nyasi yoyote inafaa?
— Soma namba 3.

— Nimesoma, ila zangu zina mbegu kidogo tu.
— Hata zangu zilikuwa kidogo. Usiweke.

— Dada, shikamoo. Kwangu ndago zinatoboa matandazo. Nakosea wapi?
— Marahaba mdogo wangu, hujakosea. Ndago ina akiba ya chakula kwenye vinundu vyake, na ncha yake ni kali kama sindano. Usiikate juu. Fukua taratibu kwa uma wa bustani ukifuata mzizi, maana vinundu vimeungana kama shanga. Kikikatikia ndani kinachipua upya. Rudia kila unapoona ncha, mpaka akiba iishe.

— Mchicha wa kusia je?
— Uache uote, ufike kimo cha kidole, ndipo utandaze katikati ya mistari.

— Mimi matandazo yameniletea konokono.
— Wanapenda unyevu. Jioni weka maganda ya papai kati ya matuta, alfajiri yainue uwaokote.

— Ganda la tikiti nalo linawavuta, nimejaribu.
— Asante jirani, hilo nalichukua.