Jinsi ya kupata ubaridi wa kutosha kwenye friji ya gari la kambi katika pwani ya Lindi na Mtwara

Mtu anayetoka Dar es Salaam alfajiri na gari la kambi, lile lenye kitanda, jiko na friji ndani yake, huweza kufika Lindi maji yake ya kunywa yakiwa bado baridi. Lakini akishaegesha Mikindani au Msimbati kwa siku mbili, hukuta siagi imeyeyuka na samaki ameanza kunuka, naye huhitimisha kwamba friji imekufa. Mara nyingi haijafa. Friji haitengenezi baridi, bali huchukua joto lililomo ndani na kulitupa nje kupitia mgongo wake, na katika pwani yetu ya kusini, ambako miezi ya kaskazi hewa ya mchana hufikia nyuzi joto 30 na zaidi, kulitupa joto hilo ndiko kunakokuwa kugumu. Kwa sababu hiyo, anza ukaguzi nyuma ya friji kabla ya kugusa kitu chochote ndani.

Ujue kwanza friji yako ni ya aina gani. Ya kompresa hunguruma kidogo, hutumia umeme wa volti 12 na hustahimili gari kuinama. Ya gesi, ambayo ndani yake huzunguka amonia, maji na haidrojeni, haina sauti na kwa kawaida hukubali gesi, umeme wa nyumbani au wa betri. Aina ya tatu ni boksi dogo la umeme lenye feni, lisilo na kompresa wala gesi. Hilo hushusha joto kwa nyuzi 20 hivi tu chini ya hewa inayolizunguka, kwa hiyo ndani ya gari lenye nyuzi 38 litakupa nyuzi 18, na samaki haliwezi kumhifadhi. Nisingemshauri mtu yeyote alinunue kwa safari za huku.

Friji ya gesi hutegemea matundu mawili kwenye ubavu wa gari: hewa ya kawaida huingia kwa tundu la chini, hupita kwenye mabomba ya nyuma ikibeba joto, kisha hutoka kwa tundu la juu. Fungua vifuniko vyote viwili, uondoe vumbi na viota vya nyigu na buibui, halafu utazame nafasi iliyopo kati ya mabomba na ukuta. Ikiwa ni pana mno, hewa hupita mbali na mabomba bila kuyagusa, na ikiwa juu ya friji kuna uwazi, hewa moto hukwama hapo na kurudisha joto kwenye friji yenyewe. Dawa yake ni kipande cha bati kinachoisukuma hewa ielekee kwenye mabomba, pamoja na feni ndogo moja au mbili za volti 12, za aina ile inayotumika kwenye kompyuta, zikifungwa kuelekea tundu la juu ili zivute hewa moto nje. Njia ya moshi usiizibe kamwe, kwa kuwa gesi isiyoungua vizuri hutoa sumu isiyo na harufu, nawe unalala humo humo. Moto wa friji uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta, na usiwashwe gari likiwa linatembea.

Friji ya kompresa nayo huhitaji pumzi. Wengi huibana kati ya begi na godoro, kisha hushangaa kompresa inafanya kazi usiku kucha.

Mahali pa kuegesha pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ubavu wenye matundu usitazame magharibi, kwa sababu jua la alasiri hulipasha bati la gari wakati ambapo hewa yenyewe tayari ni ya moto. Kivuli cha mkorosho, mti ambao matawi yake hutanda karibu na ardhi, ni neema kubwa. Ila mwenye paneli za sola juu ya paa hujikuta anachagua kati ya kivuli na umeme. Mimi huchagua kivuli, kisha hutandaza paneli ya kubebeka juani na kuiunganisha kwa waya mnene. Miezi ya kusi, upepo ukivuma moja kwa moja kwenye matundu huweza kuuzima moto wa gesi, kwa hiyo geuza gari. Na kwenye mchanga unaoteremka kuelekea baharini, weka mbao chini ya magurudumu hadi pimamaji iliyolazwa ndani ya friji ionyeshe usawa, kwa maana mchanganyiko wa amonia hutiririka kwa mteremko wake wenyewe, na ukituama huku kichemshio, yaani sehemu ya nyuma inayopashwa moto, kikiwaka unaweza kuiharibu friji kabisa.

Upande wa umeme, kosa ninalolikuta zaidi ni waya mwembamba. Friji ya kompresa inayovuta ampea 5 kupitia waya wa unene wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita tano kwenda na tano kurudi hupoteza karibu volti 0.6 njiani, betri inaonyesha 12.2 lakini friji inapokea 11.6, nayo huweza kujizima ili kuilinda betri. Ukitumia waya wa 6, upotevu hushuka hadi volti 0.15 hivi. Pima kwenye plagi ya friji huku kompresa ikizunguka, usipime kwenye betri peke yake, na fyuzi ikae karibu na betri. Hesabu pia akiba: ampea 4 kwa saa 12 kati ya 24 ni ampea-saa 48, yaani karibu nusu ya betri ya 100, na betri ya maji haipaswi kushushwa chini ya nusu hiyo. Friji ya gesi ikiwa kwenye volti 12 hula zaidi ya hapo, hivyo itumie hivyo injini ikiwa inazunguka tu.

Ndani, mambo ni mepesi. Washa friji siku moja kabla ya safari, ingiza vitu vilivyokwisha kupoa, na uache nafasi ya hewa kuzunguka. Samaki wa sokoni mpoze kwanza kwa barafu ndani ya ndoo, kwa sababu kolekole wa kilo tatu mwenye joto la mchana atapasha kila kilichomo. Bana karatasi kwenye mlango. Ikichomoka bila kushikwa, mpira umechoka. Theluji ikizidi milimita tano, iyeyushe.

Mwisho, weka kipima joto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, ukisome alfajiri na saa tisa alasiri. Ikiwa alfajiri ni nyuzi 4 na alasiri ni 11, tatizo liko kwenye hewa ya nyuma au kivuli. Ikiwa gesi inapoza vizuri lakini betri haipozi, fuatilia waya. Ikiwa friji ya gesi haipozi kwa njia yoyote, na nyuma yake unaona unga wa manjano au unasikia harufu kali ya amonia, izime, fungua milango yote na utoke nje. Mfumo wake umetoboka, na fundi atalazimika kuubadilisha mzima.