Somo: Kukusanya na kugawa vitabu vya bure mtaani, Dodoma

Kupata vitabu si tatizo. Ukitangaza msikitini na kanisani wiki moja tu, sebule inajaa. Kinachowashinda wengi ni kuchambua, kwa hiyo hapo ndipo tutakaa zaidi.

1. Muda na ruhusa. Kusanya Julai, wanachuo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Chuo cha Mipango wanapohama vyumba, kisha Desemba, kidato cha nne wakishamaliza mtihani wa Novemba. Kabla ya kugonga mlango wa mtu, chukua barua ya utambulisho ofisi ya mtaa. Bila hiyo utadhaniwa mnunuzi wa makaratasi.

2. Kubeba. Omba maboksi ya rimu dukani. Boksi la rimu tano likijaa vitabu ni kilo 12 hadi 15, mtu mmoja analimudu. Viroba achana navyo: pembe zinajikunja, mgongo wa kitabu unavunjika, kurasa zinachomoka.

3. Kuchambua. Tandika turubai kivulini, weka mafungu matatu: cha kugawa, cha kutengeneza, cha kukataa. Fungua kila kitabu katikati, ukinuse. Kikinuka uvundo kina ukungu, kiweke kando. Ukiona vitundu na unga laini mgongoni, kuna wadudu: kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kikae friza wiki mbili, ukitoe na kukiacha kimefungwa siku nzima ili kisilowe jasho. Kuanika juani hakusaidii; gundi ya mgongo inakauka na kupasuka.

Vya kiada angalia mwaka. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awamu, na cha darasa la tatu cha zamani kitamchanganya mtoto. Kamusi na hadithi hazina shida hiyo. Kukataa kunauma, lakini chumba kilichojaa vitabu visivyosomwa ni stoo tu.

4. Kutengeneza. Ukurasa uliochomoka paka gundi nyeupe ya mbao ukingoni, upana wa milimita 2, urudishe, weka nailoni pande zote mbili, kandamiza kwa tofali usiku kucha. Soletepu hapana: kwa joto letu gundi yake inavuja na kuacha doa la kahawia linalonata.

5. Kuhifadhi. Mchwa wa Dodoma hawana subira. Boksi lisilale sakafuni hata usiku mmoja. Rafu ikae sentimita 10 kutoka ukutani, miguu ndani ya makopo yenye oili chafu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeletewa vitabu 6 vyenye muhuri wa shule. Nigawe?*
Hapana ndugu. Virudishe shuleni, mkuu asaini kwenye daftari lako. Hiyo saini ndiyo itakulinda.

*Niligawa vitabu 40, baada ya wiki navikuta vinafungia karanga. Nimekosea wapi?*
Bila shaka ulitoa kwa mafungu. Toa viwili kwa mtu, tena aje achague mwenyewe. Gonga muhuri "HAKIUZWI" ukurasa wa kwanza na mwingine wa katikati. Wa kwanza huchanwa.

*Mchwa wameshaingia kwenye boksi. Nipulize dawa?*
Usipulizie vitabu, vitapata madoa na watoto watavishika. Toa vyote nje, kung'uta kimoja kimoja, choma boksi. Halafu tafuta njia yao ya udongo ukutani, uibomoe na kutia dawa pale inapotokea sakafuni. Ukiiacha, watarudi.