SOMO: Kuwamba kiti cha Wegner kwa kamba ya karatasi (soma lote kabla ya kuniuliza)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Fundi, ile kamba inalowekwa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kiti chenyewe ni kile chenye mgongo wa herufi Y, namba yake CH24, kazi ya Hans J. Wegner, mbunifu wa Denmark. Watu wa kiwanda cha Carl Hansen & Søn wanakitengeneza tangu 1950 mpaka leo. Hapa Odense, Denmark, ninapoishi, ukizunguka masoko ya mitumba utakikuta fremu nzima, kikalio kimekatika mbele pale mapaja yanaposugua. Watu wanakiona kibovu. Mimi nikikiona najua nina kazi ya Jumamosi.

Majina kwanza, tusipotezane. Natumia ya kitanda cha kamba maana kazi ni ndugu: mti wa mbele na wa nyuma nitaita vitakizo, wa kushoto na kulia mifumbati.

1. Piga picha kikalio cha zamani, juu na chini, kabla ya kukigusa. Kisha kata, ng'oa misumari yote.

2. Tikisa fremu. Kiungo kikicheza, gundi sasa, bana, acha usiku mzima. Ukishawamba huwezi tena kukifikia.

3. Nunua kamba ya karatasi ya milimita 3. Kiti kimoja kinakula karibu mita 120. Nunua na ziada kidogo.

4. USILOWEKE KAMBA. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu. Mimi ni mtoto wa Pangani, babu alikuwa anawamba vitanda, bibi anasuka mikeka. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua kwamba miyaa mikavu ya kusukia inavunjika, lazima unyunyize maji ilainike. Basi kiti changu cha kwanza nikajaza ndoo, nikatumbukiza roli nzima, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nimekuta uji. Kamba hii ni nyuzi tatu za karatasi zilizosokotwa pamoja, haina ukindu ndani. Msokoto ulikuwa umelegea, ngozi ya juu imetoka manyoya, nikivuta kwa nguvu inakatika mkononi. Nikajidanganya kwamba ikikauka itakaza. Nikawamba nusu kiti na ile ambayo haikuharibika sana. Ilipokauka ikabaki na vinyweleo kama kamba ya mbuzi, na mistari imelegea. Nikakata yote, nikatupa roli nzima. Kwa hiyo: wamba kamba ikiwa kavu. Mikono ikiwa na jasho, futa. Usiiweke bafuni, usiache roli kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu.

5. Pima vitakizo. Cha mbele ni kirefu kuliko cha nyuma, na tofauti hiyo lazima uijaze kwanza kwenye pembe mbili za mbele. Pigilia ncha ya kamba upande wa ndani wa mfumbati wa kushoto, ipitishe juu ya kitakizo cha mbele, izunguke chini, iibuke katikati, ipite juu ya mfumbati wa kushoto, izunguke, ivuke mpaka wa kulia. Huko fanya vilevile kinyume: mfumbati kwanza, kitakizo baadaye, pigilia, kata. Rudia mpaka nafasi iliyobaki mbele ilingane na ya nyuma.

6. Sasa mizunguko kamili, pembe zote nne. Kanuni ni moja tu: kamba inapita JUU ya mti, inazunguka chini, inaibukia katikati. Ukijikuta unapita chini kwanza, umeshakosea, rudi.

7. Kata vipande vya mita kama 8, usihangaike na roli nzima. Mafundo yote yakae chini ya kiti, kamwe yasikae juu.

8. Kila baada ya mizunguko mitatu, weka kipande cha mbao ngumu kwenye kamba, gonga kwa nyundo ili mistari isongamane. Weka skwea kwenye kila pembe. Pembe ikianza kuinama mapema, mwishoni mstari wa katikati utakuwa umepinda na hakuna dawa.

9. Mifumbati itajaa kabla ya vitakizo. Pengo la katikati lijaze kwa kwenda mbele na nyuma, ukipita katikati kwa mtindo wa namba nane. Funga chini, pigilia, maliza.

Fundi wa kiwandani anamaliza kikalio kwa saa moja hivi. Wewe tenga siku nzima.

MASWALI

mzee_wa_mitumba: Mkuu somo zuri ila sijasoma lote, niko kazini. Kamba nailoweka dakika ngapi?

Fundi Odense: Namba 4.

Keko_Seremala: Hivi kamba ya manila ya dukani haifai? Bei yake nafuu.

Fundi Odense: Inafaa kufungia mbuzi. Manila inateleza na inavutika, baada ya mwezi umekaa kwenye bembea.

Keko_Seremala: Sawa mkuu usikasirike. Nataka kuchonga cha kwangu kwa mtiki wa shamba la Longuza. Cha kuangalia?

Fundi Odense: Sikasiriki, kaka, hilo ndilo swali. Viringisha kingo zote za vitakizo na mifumbati, hata kidole kisihisi pembe. Kona kali ni kisu, itakata karatasi taratibu kila mtu akikaa. Na viungo viwe vya nguvu, kwa sababu mita 120 zilizokazwa zinavuta miti yote kuelekea ndani.

binti_lamu: Shikamoo fundi. Kwa nini karatasi? Kwetu ni makumbi au ukindu, vitu vya mtini. Mtu alifikaje kusema tukalie karatasi?

Fundi Odense: Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Zamani viti vya huku viliwambwa kwa nyasi za baharini zilizosokotwa. Vita Kuu ya Pili ikaja, nyasi zikaadimika, wakaanza kusokota karatasi kama kibadala. Vita vikaisha, kibadala kikabaki, maana kamba yake ni ya unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, haina ncha fupi za kuunga kila mara. Ukishika utaona imetiwa nta kidogo. Makumbi ya Lamu yana nguvu zaidi kwenye maji, hilo sibishani.

binti_lamu: Na ule mgongo wa Y? Mbona unanikumbusha viti vya Wachina?

Fundi Odense: Jicho lako zuri. Wegner aliona picha za wafanyabiashara wa Denmark wamekalia viti vya enzi ya Ming, akaanza kuvichezea. Cha kwanza alikitoa 1944, kinaitwa kabisa Kiti cha China. Hiki cha Y ni mjukuu wake. Sasa angalia: mgongo na mkono ni mti mmoja mwembamba uliopindwa kwa mvuke. Bila kuushikilia katikati ungecheza. Ndiyo kazi ya Y.

mdau_halisi: Marekebisho. CH24 ni ya 1949, si 1950. Tuwe makini tunapofundisha.

Fundi Odense: Soma tena. Nimeandika WANAKITENGENEZA tangu 1950. Kubuni ndiyo 1949.

mdau_halisi: Haya.

Nairobi_Vintage: Mimi nina kiti kingine cha Denmark, cha Møller, namba 78. Somo hili linafaa?

Fundi Odense: Halifai. Geuza kiti, ndani ya miti utaona misumari ya umbo la L. Kamba inanaswa kwenye misumari hiyo, halafu inafumwa kama mkeka, mtande na mshindio. USIING'OE, utaitumia tena. Nitaandika somo lake nikipata nafasi.

Nairobi_Vintage: Nimeshang'oa sita.

Fundi Odense: Zirudishe kwenye matundu yaleyale. Tundu likilegea, tia kijiti chenye gundi.

mama_J: Kikalio changu kimemwagikiwa chai. Nakioshaje?

Fundi Odense: Kitambaa kilichokamuliwa sana, dada, futa kufuata mstari wa kamba, kisha kaushe kivulini. Usisugue.

mama_J: Na fremu? Ni mwaloni, umefifia.

Fundi Odense: Huku wanapaka sabuni. Vipande vya sabuni halisi isiyo na manukato, iyeyushe kwenye maji ya moto, paka, futa ziada, acha ikauke, piga msasa laini sana. Rudia mara mbili tatu.

mzee_wa_mitumba: Omo je?

Fundi Odense: Hapana.

mama_J: Nilianza kusugua kwa pamba ya chuma, mbao zimepata madoa meusi.

Fundi Odense: Chuma, maji na mwaloni havikai pamoja, mwaloni una tanini, na tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Acha hiyo pamba sasa hivi. Doa linatoka kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, paka, subiri, suuza kwa kitambaa. Kikalio kifunike na plastiki, na uvae glavu.