Kujenga huku unamtunza mzee, anza hivi
Wazee wetu Pemba walijenga kwa msimu wa karafuu, zikiuzwa tu mtu ananunua bati, sisi mshahara unaingia kwenye simu na unaishia humohumo. Kwahiyo kwanza kaa na mzee, muulize kiwanja cha nani na kiandikwe, maana mirathi ikija bila karatasi ndugu wanagombana, na hili linaniuma sana. Akifika miaka 70 muulize sheha, yaani kiongozi wa mtaa, utaratibu wa pencheni jamii, pesa ya serikali ya Zanzibar kwa wazee, ilianza 2016 kwa 20,000 kwa mwezi baadae ikapandishwa, haitoshi ila ni yake mwenyewe. Wewe umejiajiri? Jiunge na mpango wa hiari wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar. Halafu matofali, mimi nanunua kumikumi nayapanga chini ya mwembe.